Aliyejibu Kutoka Maskati

Inspekta Skolastika Nandonde alikuwa hajamaliza kukung'uta koti lake la mvua pale Kadija alipomshika mkono na kumvuta hadi mbele ya kompyuta.

"Soma mwenyewe, afande. Imeingia ulipotoka kwenda garini. Mimi macho yamekataa."

Barua pepe ilikuwa fupi. "Mwambie huyo mama wa polisi mwenye buti za matope arudi kwao Lindi. Nchi mlizozifunga zifungueni. Na ushungi wa njano unakupendeza, Kadija."

Skolastika alizitazama buti zake. Tope la Nangurukuru lilikuwa bado bichi. Kisha akamtazama Kadija. Ushungi wake wa njano ulikuwa umelowa jasho kwenye paji la uso, ingawa mvua ilikuwa imeleta baridi na feni haikuwa inazunguka.

"Inatoka wapi hii?"

"Inasema nje. Zote zinasema nje." Kadija alikuwa ananong'ona ndani ya duka lake mwenyewe. "Mtu yuko nje ya nchi, afande. Ameuonaje ushungi wangu?"

Skolastika aligeuka. Alikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani alikuwa ameinamia kazi yake barazani, na mbuzi wa watu walikuwa wamejibanza ukutani kukwepa mvua. Hakuna aliyekuwa akitazama upande wa duka. Alifunga dirisha hata hivyo. Mlangoni, Konstebo Valentini, kijana mrefu aliyekuja naye, alihamisha kirungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Duka lile la Kilwa Masoko lilikuwa la Kadija na kaka yake Mudathiri. Liliuza mabati, saruji, jenereta na injini za boti, kama maduka mengine ya vifaa. Tofauti ni kwamba lilikuwa na mlango wa pili ambao haukuonekana kwa macho. Mudathiri, baada ya kwenda Maskati kutafuta maisha, ndiye aliyeleta wazo hilo: duka liwekwe kwenye intaneti, ndugu walioko ng'ambo wachague bidhaa na kulipa kwa kadi za benki, na wazee wao wa Kivinje, Njinjo au Kikole wapelekewe mzigo nyumbani. Biashara ilikwenda vizuri, na ilikwenda vizuri zaidi daraja la Rufiji lilipofunguliwa na mizigo ya Dar es Salaam ikaacha kulala kwenye foleni ya kivuko. Kisha benki ikaleta habari mbaya. Baadhi ya kadi zilikuwa za wizi. Wenye kadi walikuwa watu wa nchi za mbali ambao hawajapata kuisikia Kilwa, na malipo yote yale yakarudishwa kwao. Jenereta na injini zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Siku iliyotangulia Skolastika alikuwa Njinjo kuwatafuta waliopokea mizigo hiyo. Hakuwapata. Hakuna aliyeyajua majina yale. Abilahi, dereva wa pikapu ya duka, alimwambia kila mara alisimamishwa njiani na mtu wa pikipiki mwenye karatasi halali ya kupokelea mzigo, naye akampa.

"Sura yake?" Skolastika alimuuliza.

"Sikuiona, afande. Hakuwahi kuvua helmeti, hata jua kali namna gani. Lakini alikuwa ananiita Abilahi. Mimi sikumwambia jina langu."

Sasa, dukani, Skolastika alivuta kiti na kukiweka mbali na dirisha. "Nionyeshe jinsi mlivyozifunga nchi."

Kadija alifungua ukurasa wenye majina ya nchi yaliyopangwa kutoka juu hadi chini, kila moja na kisanduku kidogo pembeni. "Edwin ndiye aliyenifundisha. Kila kompyuta ina namba, na namba inaonyesha iko nchi gani. Nchi ukiiondolea alama, mtu wa huko akitaka kufungua duka letu anakuta ukurasa mweupe."

"Edwin ndiye fundi wenu?"

"Fundi wetu wa kompyuta, ndiyo. Alikuwa anaendesha na kile chumba cha intaneti, huko nyuma ya ukuta huu. Dishi la juu ya paa tunatumia pamoja. Sasa amekimbilia kwao Masasi. Naye aliletewa barua. Ya kwake ilisema ataokotwa ufukweni. Akafunga kufuli, akanipa ufunguo, akaondoka."

"Ulimwona akipanda basi?"

"Aliniaga hapa. Stendi nimfuate kufanya nini?"

Skolastika alipitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta, nchi baada ya nchi. Zote zilikuwa hazina alama, isipokuwa Tanzania na nyingine moja.

"Omani mbona mmeiacha?"

"Mudathiri yuko huko. Wateja wetu wengi wako huko. Edwin alisema tukiifunga, kaka hataweza kuingia kutusaidia."

"Na baada ya kuzifunga zile nyingine, wizi ulikoma?"

Kadija alitazama pembeni. "Kwa muda. Kisha zikaanza kuja oda mbaya kutoka Omani."

Skolastika aliacha swali lijiulize lenyewe, na Kadija akalielewa.

"Hapana," alisema. "Usimtie kaka yangu kwenye hili. Kila siku ananiandikia. Mama akiugua huko Kivinje ananiandikia dua nikamsomee. Mtu huyo ndiye aibe duka lake mwenyewe?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini umefikiri."

Skolastika alisimama. Alikuwa amekwisha kusema mengi mno ndani ya chumba ambacho mtu fulani, mahali fulani, alijua rangi ya ushungi na tope la buti. "Twende garini," alisema. "Nimeacha karatasi zangu."

Ndani ya Land Rover, huku mvua ikipiga paa kiasi kwamba walilazimika kukaribiana ili wasikilizane, hakuchukua karatasi yoyote.

"Nisikilize vizuri. Unaweza kuifunga Omani wewe mwenyewe, bila Edwin?"

"Ni kuondoa alama tu."

"Basi iondoe. Usimwambie mtu. Kisha umwandikie kaka yako barua ya kawaida, umwambie kuna mteja amelalamika kwamba halioni duka. Muulize kama yeye analiona."

"Lakini hataliona. Tutakuwa tumemfungia."

"Ndiyo. Akikujibu kwamba haoni kitu, basi yuko Maskati, nami nitajua pa kuanzia."

Kadija alimtazama kwa macho yaliyokuwa yanaanza kuelewa. "Na akisema analiona?"

"Twende tukaandike."

Walirudi ndani. Kadija aliondoa alama kwenye Omani, akaandika barua kwa kidole kimoja, akaituma. Kisha wakangoja. Alijaribu kuhesabu misumari ya mteja aliyekuja akachanganyikiwa, akamwambia arudi kesho. Valentini aliufunga mlango nyuma ya mteja yule bila kuambiwa. Kila gari lilipopita barabarani Kadija alishtuka, na kila aliposhtuka Skolastika naye aligeukia mlango, akajikuta anamkasirikia mwanamke yule bila sababu.

Kompyuta ilitoa mlio.

"Dada, naliona vizuri kabisa, na picha zote zinafunguka. Huyo mteja mashine yake mbovu. Bei ya mabati ya geji thelathini bado ni ya zamani, irekebishe. Mama mpe pole. Mimi Mudathiri."

Kadija alifungua mdomo, Skolastika akautilia kiganja. "Zima kompyuta," alimwambia sikioni. "Chukua mwavuli. Tunaenda kula."

Safari hii Kadija hakungoja mlango wa gari ufungwe.

"Yuko hapa," alisema. "Kaka yangu yuko hapa hapa nchini. Anapita nyuma ya nyumba yake kama mwizi, na mama anamlilia kila jioni. Amefanya nini? Anatutaka nini?"

"Bi Kadija. Mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni lini? Sisemi barua. Sauti."

Kadija alifikiri. "Kabla ya Idi Kubwa. Alipiga simu. Baadaye akaandika kwamba simu imeibwa na amepelekwa kazini jangwani, hakuna mtandao wa simu, tuandikiane tu kwa kompyuta."

"Jangwani hakuna simu lakini kuna kompyuta?"

Kadija alipangusa uso kwa ncha ya ushungi.

"Alikuwa anakaa na nani Maskati?"

"Na Mzee Fakihi, mtu wa Kivinje, yuko huko miaka mingi. Lakini Mudathiri aliandika kwamba wamegombana, nisimpigie kabisa. Alisisitiza."

"Namba yake unayo?"

Alikuwa nayo kichwani. Skolastika aliipiga kwa simu yake ya mkononi. Ikakataa, ikakataa tena, kisha ikaita kwa mbali sana. Mwanamume akaitika kwa salamu ya Waislamu. Skolastika akamkabidhi Kadija simu, yeye akaegemeza sikio upande wa pili.

"Shikamoo Mzee Fakihi. Ni Kadija, mdogo wake Mudathiri. Wa Kilwa."

"Marahaba, marahaba mwanangu! Alhamdulillahi! Nikasema hawa watu wamenitupa. Mama hajambo? Huyo kaka yako ndio kanisahau kabisa, hata salamu?"

Kadija alibana simu kwa mikono miwili. "Mzee, si mlikuwa mmegombana?"

"Tumegombana na nani? Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe, kabla ya Idi Kubwa. Alisema ameona kuna mtu analiibia duka lenu kwa ndani, na jambo hilo haliandikiki, lazima aje mwenyewe." Sauti ilisita. "Kwani hajafika?"

Simu ilimdondoka Kadija mapajani. Skolastika aliichukua, akamwambia mzee atampigia tena, akakata. Kioo cha gari kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zao. Alikipangusa kwa kiwiko, akalitazama duka, paa lake, dishi lake jeupe lililoelekea mawinguni. Tangu Idi Kubwa mtu alikuwa anaandika kwa mkono wa Mudathiri. Anajua mama anaumwa. Anajua bei ya mabati. Na hana wasiwasi hata kidogo kwamba mwenyewe atatokea siku moja.

"Abilahi mlimwajiri lini?" aliuliza.

"Mwaka jana. Daraja lilipofunguliwa."

"Mudathiri alikuwa ameshaondoka?"

"Zamani. Hawajuani kabisa."

"Basi mtu wa pikipiki si kaka yako. Kaka yako hakuwa na haja ya kujificha ndani ya helmeti. Abilahi asingemjua hata akija kichwa wazi. Aliyejificha ni mtu ambaye dereva wako humwona kila siku." Skolastika alikuwa anazungumza polepole, kama anayekanyaga ubao asioujua kama umeoza. "Sanduku la barua la Mudathiri, neno lake la siri, nani alimtengenezea?"

Kadija alilitamka jina bila sauti, midomo tu.

"Naye ndiye aliyetaka Omani ibaki wazi," Skolastika alisema. "Ana njia ya kuamuru kompyuta ya nchi ya mbali imwagizie mizigo, ionekane kama mgeni ndiye aliyeagiza. Mlipozifunga nchi nyingine, akahamia kompyuta ya Omani, ili lawama imwangukie kaka yako. Lakini leo umeifunga Omani bila yeye kujua. Umemuuliza kama duka linaonekana. Akafungua hapo alipo, akaliona, akajibu."

"Edwin yuko Masasi," Kadija alisema, kama mtoto anayeomba aambiwe ndiyo.

"Masasi gani hiyo anakoziona buti zangu?"

Walirudi dukani, Skolastika mbele na mkono ukiwa kwenye bastola chini ya koti. Ndani palikuwa kama walivyopaacha. Valentini alikuwa amesimama na mgongo ukutani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, kioo cheusi. Skolastika alikuwa anataka kusema neno alipoona kisanduku cha intaneti kwenye shubaka, kile ambacho waya wa dishi uliingilia. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa. Ilikuwa inapepesa haraka haraka, inatulia, inapepesa tena.

Alimgusa Kadija bega, akaionyesha taa, akanyoosha kidole kwenye kompyuta iliyozimwa. Hakuhitaji kueleza. Taa ile ilipepesa pale tu mtu alipokuwa anatumia dishi, na waya wa pili uliingia ukutani, kwenda chumba cha nyuma, chenye kufuli.

Juu ya ukuta, chini kidogo ya boriti, matofali yalikuwa yameachwa na matundu ya kupitisha hewa. Tundu moja lilikuwa jeusi kuliko mengine. Skolastika alilitazama, akahisi kwamba nalo linamtazama. Katika kazi yake alishaingia nyumba za watu wenye mapanga, na hakukumbuka kuwahi kuogopa tundu.

Kisha akasema kwa sauti kubwa, ya uchovu: "Haya Bi Kadija, leo tumeshindwa. Tutakuja kesho tena."

Kadija alimkodolea macho. Skolastika alimbana mkono hadi akaelewa.

"Haya afande," alisema. Sauti ilimvunjika katikati. "Karibuni tena."

Walitoka, wakafunga mlango kwa kishindo. Nje Skolastika alimwonyesha Kadija gari, akamwashiria akae humo. Yeye na Valentini wakalizunguka duka kwa kuinama, mvua ikiwamwagikia shingoni. Uani kulikuwa na mlango mdogo wa mbao nyuma ya mapipa ya maji. Kwa nje ulionekana umepigiliwa misumari, lakini misumari ile ilikuwa imekatwa vichwa, na kizingiti kilikuwa na tope jipya.

Skolastika alisikiliza. Ndani, chini ya kelele za mvua, mtu alikuwa anabonyeza herufi.

Alisukuma mlango kwa buti.

"Mikono juu ya kichwa! Usigeuke!"

Kijana mwembamba alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyofunikwa shuka ili mwanga usitoke. Pembeni yake palikuwa na sufuria ya ugali uliokauka, godoro, na ngazi fupi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa duka, chini ya matundu. Helmeti ilining'inia kwenye msumari. Mikono yake ilipanda polepole.

"Edwin?"

"Ndiyo, afande."

Valentini alimtia pingu. Skolastika aliivuta ile shuka. Barua ilikuwa haijamalizika: "Dada usiogope, huyo polisi ameshaondoka. Mimi ni mzima, na Mungu akipenda sikukuu ijayo nita".

Aliisoma mara moja tu. "Amejuaje Mudathiri kwamba wewe ndiye mwizi?"

"Hakujua." Edwin alikuwa anatazama sakafu. "Aliona oda hazieleweki. Akaniandikia mimi kwanza, nimsaidie kumkamata mwizi. Alisema anakuja, nisimwambie mtu, hata Kadija, asije akapata wasiwasi. Nikampokea Nangurukuru usiku alipoteremka kwenye basi. Nilitaka kumweleza tu, afande. Nilitaka anisamehe, tugawane. Akanitemea mate. Akasema asubuhi tunakwenda polisi."

"Umemfukia au umemwacha hivi hivi?"

"Nimemfukia."

"Wapi?"

"Njia ya Njinjo. Kuna shamba la korosho lililoachwa. Nitawaonyesha."

Ndipo waliposikia pumzi nyuma yao. Kadija hakuwa amekaa garini. Alikuwa amesimama mlangoni, ushungi umemteleza hadi mabegani, maji yanamtiririka usoni. Hakupiga kelele. Alimtazama Edwin, akaitazama ile barua kwenye kioo, akasogea akaisoma yote mpaka pale ilipokatikia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, taratibu, kila neno peke yake. Kisha akamuuliza Edwin, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Na zile dua za mama ulikuwa unazitoa wapi?"

Edwin alianza kulia.

Valentini alimpeleka garini na kuketi naye nyuma. Skolastika aliita kituo kwa simu, akaomba watu wa kuchimba, daktari na sanda. Alifunga mlango wa uani kwa waya, akautia muhuri, akafanya vivyo hivyo kwenye mlango wa mbele. Kazi ile ndogo ya mikono ilimsaidia kupumua. Alipomaliza alimkuta Kadija kasimama barazani pa nyumba yake, iliyoungana na duka, ufunguo mkononi, hajaingia.

"Bi Kadija, huko tuendako si pa kwenda wewe. Baki nyumbani. Jifungie vizuri, mimi mwenyewe nitakuletea habari."

Kadija aliutazama mlango. Nyuma yake kulikuwa na sebule, na nyuma ya sebule ukuta, na katika ukuta ule matundu mengine ambayo hakuwahi kuyajali.

"Nibaki na nani humo ndani, afande?"

Skolastika alirudi kwenye gari na kumfungulia mlango wa mbele.